Mtoto amelala mgongo kwa mgongo nami, nitajifunguaje?

Shikamooni wakunga wetu,

Nina mimba ya wiki 37, uzazi wangu wa kwanza. Kliniki ya juzi mkunga alinipapasa tumbo akasema mtoto ameshaleta kichwa chini, ila mgongo wake umeegemea mgongo wangu na uso wake unatazama tumboni. Akaandika kwenye kadi, akasema nisiwe na hofu. Foleni ilikuwa ndefu, nikatoka bila kuuliza lolote.

Mwenyewe naona tumbo langu halijachongoka kama la wenzangu. Karibu na kitovu pamebonyea, na mateke nayasikia mbele kabisa, kulia na kushoto. Mkojo ndio usiseme, sikai nusu saa.

Mama mkwe anataka nitambae kwa magoti kila siku mpaka mtoto ageuke. Wifi yangu alikuwa na mtoto wa namna hii. Anasema uchungu wote ulimkalia kiunoni na mwisho akapasuliwa, kwa hiyo niombe upasuaji mapema nisije nikateseka mara mbili. Mume wangu ataingia nami leba na anataka kujua mikono yake aiweke wapi.

Naombeni mnijibu. Ni lazima nipasuliwe? Kutambaa kunasaidia? Nitajuaje kuwa uchungu umeanza kama utakuja kiunoni? Na sindano ya ganzi ya mgongoni niikubali, au itamzuia mtoto kugeuka?

Mama Kijacho

*

Marahaba, mwanetu.

Tuanze na upasuaji, maana ndio unaokunyima usingizi. Mtoto kulala mgongo kwa mgongo, kama hakuna tatizo lingine, si sababu ya kupangiwa upasuaji. Uchungu unapoanza, kati ya watoto 100 waliotanguliza kichwa, takriban 15 hadi 30 huwa wamekaa kama wako. Wanaofika mwisho wakiwa bado hivyo ni 5 hadi 8. Wengine wote hugeukia humo humo njiani, uchungu ukiwasukuma, na baadhi hugeuka dakika za mwisho kabisa wakati mama ameshaanza kusukuma. Wifi yako hakukudanganya: mama ambaye mtoto wake amekataa kugeuka hadi mwisho ndiye anayepasuliwa zaidi, anayevutiwa mtoto kwa vakyumu (kikombe cha kunyonya kinachobandikwa kichwani mwa mtoto) zaidi, na anayechanika zaidi. Lakini katika wiki ya 37 hakuna anayeweza kukuambia kuwa wewe ni miongoni mwao.

Ukielewa kwa nini mkao huu unasumbua, ushauri uliobaki utauelewa wenyewe. Kichwa cha mtoto si duara kama mpira. Mtoto aliyeutazama mgongo wa mama hukunja shingo, kidevu kikagusa kifua, na sehemu inayotangulia huwa na upana wa kama sentimita 9.5. Aliyeegemea mgongo wa mama hujikuta uti wake wa mgongo umekutana na uti wa mama uliobinuka kuja mbele, hapati nafasi ya kujikunja. Shingo hunyooka, kichwa kikakaa kama cha askari aliye gwarideni, na upana unaotangulia hufika kama sentimita 11.5. Sentimita 2 hizo ndizo zinazoleta kazi yote.

Kichwa kisichokunjwa hakiukalii mlango wa kizazi sawasawa, kwa hiyo mlango hufunguka polepole na uchungu huja bila mpangilio: mara mawimbi mawili yamefuatana, mara kimya cha dakika kumi. Nacho kisogo, mfupa mgumu, hukandamiza ule mfupa bapa ulio juu ya kifandugu. Hapo ndipo yanapotoka maumivu ya kiuno yasiyokwisha hata wimbi likipita. Ili mtoto atoke kwa njia iliyo rahisi, kisogo chake lazima kisafiri kutoka mgongoni kwako hadi chini ya mfupa wa kinena. Hizo ni nyuzi 135, robo tatu ya nusu duara, wakati mtoto aliyekaa vizuri huzunguka nyuzi 45 tu. Anageuzwa na uchungu wenye nguvu, shingo inayokubali kukunjika, na misuli ya sakafu ya nyonga ambayo kichwa kikiigonga hukielekeza mbele. Wewe kazi yako ni kuvipa vitu hivyo muda na nafasi.

Dalili ulizozitaja zinalingana na mkao huu: pale palipobonyea ni nafasi iliyo kati ya kichwa na miguu na mikono ya mtoto. Mkojo wa mara kwa mara ni wa kila mjamzito wa wiki 37, ila ukiwa unachoma, upimwe, huenda ni maambukizi. Kondo la nyuma likiwa limekaa ukuta wa mbele, mtoto hupenda mkao huu zaidi. Altrasaundi huonyesha mkao kwa uhakika kuliko mkono, lakini leo haina faida kubwa kwako. Kesho mtoto anaweza kuwa ameshabadilika. Yenye faida ni ile ya leba, kama daktari anataka kuvuta mtoto na hana hakika kisogo kiko wapi.

Kuhusu kutambaa, jambo hili lilipimwa vizuri. Australia walilifanyia utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wanawake zaidi ya 2,500. Kundi moja walikaa kwa mikono na magoti dakika 10, mara mbili kwa siku, wakitikisa nyonga, kuanzia wiki ya 37 hadi uchungu ulipoanza. Idadi ya watoto waliozaliwa mgongo kwa mgongo haikupungua. Basi ukitambaa kwa sababu mgongo unapata nafuu, tambaa. Mama mkwe atafurahi na wewe hutadhurika. Ukitambaa kwa hofu, acha ukapumzike, nguvu hizo utazihitaji. Lala kwa ubavu, usilale chali. Na mtu yeyote asikukande tumbo kwa nguvu ili amgeuze mtoto. Huko kunaweza kulibandua kondo la nyuma, na damu ikatoka kwa ndani bila kuonekana.

Sasa uchungu utaujuaje. Maumivu ya kawaida ya mgongo wa mimba hubadilika ukibadili mkao. Ya uchungu huja, hupanda, hushuka, hata ukilala, hata ukitembea. Maumivu yakianza kiunoni weka kiganja tumboni, juu ya kitovu. Kama ni uchungu, tumbo litakakamaa chini ya kiganja chako mpaka liwe gumu kama paji la uso, kisha lilegee. Andika saa linapoanza kukakamaa na saa linapolegea. Uchungu ukija kila dakika 5, kila mmoja ukidumu karibu dakika nzima, na hali hiyo ikaendelea kwa saa moja, nenda. Lakini kwa mtoto wa mkao huu usiutegemee mpangilio huo peke yake. Ukifika mahali huwezi kumalizia sentensi wimbi likija, nenda hata kama saa zako hazijapangika.

Chupa ikipasuka, nenda papo hapo hata kama hakuna maumivu. Kichwa cha mtoto wa mkao huu mara nyingi bado kiko juu, hakijaziba njia, na maji yakitoka kwa nguvu kamba ya kitovu inaweza kuteleza ikatangulia. Ukihisi kitu kama kamba laini ukeni usikiguse wala kukirudisha: piga magoti, kifua chini, makalio juu, na upelekwe hospitali ukiwa hivyo hivyo. Usisubiri pia ukiona maji ya kijani, damu mbichi, mtoto amepunguza kucheza, homa, au kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu. Na uchague kujifungulia mahali penye vakyumu, damu, na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku na mchana. Hilo tunalisisitiza.

Saa za mwanzo ndizo zinazowamaliza wengi. Mama anaumwa kiuno usiku kucha, asubuhi anapimwa njia anaambiwa mlango umefunguka sentimita 3 tu, moyo unavunjika. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linauhesabu uchungu kamili kuanzia sentimita 5, na halidai tena kuwa kila mama afunguke sentimita 1 kila saa. Kwa uzazi wa kwanza, kutoka 5 hadi kufunguka kabisa kwa kawaida hakuzidi saa 12. Kabla ya hapo hakuna muda maalumu. Inaweza kuchukua siku nzima na isiwe na maana kuwa umekwama. Kwa hiyo usitembee usiku mzima ili "kuharakisha". Lala kwa ubavu, mto katikati ya magoti, sinzia kati ya wimbi na wimbi. Kunywa kidogo kidogo, kula chepesi kama umeruhusiwa. Kojoa kila saa mbili hata kama hujisikii, maana kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka.

Uchungu ukikolea, epuka kulala chali. Ukilala chali, uzito wa mtoto wote unakwenda kwenye mfupa ule ule unaouma, na mfupa wenyewe unabanwa na kitanda usiweze kusogea. Piga magoti ukiinamia kitanda au kiti, simama ukiegemea ukuta na kuzungusha kiuno, au lala kwa ubavu. Badili kila nusu saa hivi. Mkao wa mikono na magoti ndani ya leba tunaupenda kwa sababu unapunguza maumivu ya mgongo. Hatukuahidi kuwa utamgeuza mtoto. Mwambie mkunga kwamba unaweza kukaa hivyo na yeye akaendelea kusikiliza mapigo ya moyo ya mtoto. Kwa kawaida yawe 110 hadi 160 kwa dakika, na hupimwa kila dakika 15 hadi 30, kisha kila dakika 5 ukianza kusukuma.

Baba naye tumpe kazi yake. Akupapase kuanzia kiunoni kushuka hadi apate kile kipande bapa, kigumu, kilicho juu kidogo ya mpasuo wa makalio. Kina upana wa kama kiganja. Hapo aweke kitako cha kiganja, ile sehemu nene iliyo karibu na kifundo cha mkono, si vidole. Aunyooshe mkono, kiwiko kisikunjwe, kisha auegemee kwa uzito wa mwili wake. Akitumia nguvu za mkono peke yake, baada ya saa moja atakuwa amechoka na wewe bado una safari. Aanze wimbi linapoanza, akandamize bila kusugua, aachie taratibu linapoisha. Mkono wake mwingine ushike mfupa wa nyonga yako kwa mbele ili usisukumwe. Wewe ndiye wa kumwambia "shuka kidogo", "kushoto", "zidisha". Wanaume wengi huogopa kukandamiza. Kama unahisi anakugusa tu, mwambie aongeze, na mara nyingi atalazimika kuongeza kuliko alivyodhani. Mtoto akishuka, maumivu hushuka naye, na mkono ushuke pia.

Njia ya pili: wewe umepiga magoti umeinama, yeye yuko nyuma yako, viganja viwili kwenye makalio, pembeni, chini ya ncha za mifupa ya nyonga. Anavibana kuelekea katikati na juu, kama anayekibana kitabu kinene. Kitambaa cha moto kiunoni husaidia pia, ila akijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe. Ngozi ya mama mwenye uchungu huungua bila yeye kujua, na zaidi kama amechomwa ganzi.

Kuna tiba moja ambayo akina mama wengi hawaijui: sindano za maji safi yaliyotakaswa, yasiyo na dawa yoyote ndani. Mkunga aliyefundishwa huchoma sehemu nne kiunoni, kuuzunguka mfupa ule, kila sehemu kiasi cha mililita 0.1 tu, chini ya ngozi ya juu kabisa, mpaka kipande kidogo kivimbe kama alama ya kuumwa na mbu. Inachoma kweli, kama nyigu, kwa sekunde 20 hadi 30, kwa hiyo huchomwa wimbi likiwa limekuja na wakunga wawili kwa pamoja ikiwezekana. Baadaye maumivu ya kiuno hushuka kwa saa moja hadi mbili, na zinaweza kurudiwa. Haimfikii mtoto na haikuzuii kutembea. Uliza kama mahali unapojifungulia wanazitoa.

Ganzi ya mgongoni huondoa maumivu kuliko kitu kingine chochote. Ni kweli kwamba kati ya waliochomwa, watoto wanaobaki mgongo kwa mgongo ni wengi zaidi, na wakunga wengi wanaamini ni kwa sababu misuli ya sakafu ya nyonga hulegea. Lakini kwa ujumla ganzi haiongezi upasuaji. Ushauri wetu: kama ipo na umefika ukingoni, ikubali bila kujilaumu. Mama aliyelala saa mbili ana nguvu ya kusukuma. Aliyepigana saa 20 hana. Baada ya ganzi usikubali kuachwa chali. Ugeuzwe ubavu huu na ule kila nusu saa, miguu ikitenganishwa kwa mto mnene.

Tunakuomba uwe macho zaidi mahali hapa panapofuata. Kwa kuwa kisogo kinakandamiza nyuma, kwenye utumbo mkubwa, unaweza kusikia haja ya kusukuma ukiwa sentimita 7 au 8. Hamu hiyo ni kali, kama ya kwenda haja kubwa. Ukiifuata, mlango wa kizazi unabanwa kati ya kichwa na mfupa wa kinena, ukingo wake wa mbele unavimba, na mahali palipokuwa pamelainika panakuwa panene. Saa mbili zinapotea hapo. Usisukume mpaka mkunga apime na kusema umefunguka kabisa. Wakati huo piga magoti, weka kifua kitandani, makalio juu, ili kichwa kirudi nyuma kidogo kisiukandamize mlango. Wimbi likija pumua kwa pumzi fupi fupi za juu juu, kama anayepuliza kibatari mara nyingi bila kukizima. Kifua kikikubana ili usukume, puliza tena. Mume asikuambie "sukuma" kwa sababu amechoka kuona unateseka.

Ukishafunguka kabisa na hamu bado haijaja, mama na mtoto wakiwa salama, kusubiri kidogo si kosa. Kichwa kinaendelea kushuka na kugeuka chenyewe. Kwa uzazi wa kwanza hatua ya kusukuma inaweza kufika saa 3. Uchungu ukiwa dhaifu utawekewa dripu ya uchungu, na kwa mkao huu inasaidia mara nyingi, mradi mapigo ya mtoto yanafuatwa kwa karibu. Kama bado hajageuka, mtaalamu mwenye uzoefu anaweza kumzungusha kwa mkono: mlango umefunguka kabisa, kibofu kimetolewa mkojo, vidole vinakishika kichwa, na kinazungushwa taratibu wakati mama anasukuma. Kikikubali, mama huzaa kawaida. Kisipokubali kuna vakyumu, na kama kichwa kiko juu bado au mapigo ya mtoto yanashuka, upasuaji. Watoto wengine hutoka hivyo hivyo uso juu, macho yakitazama dari. Hao huitanua njia zaidi, ndiyo maana mkunga atakuambia uache kusukuma kichwa kinapochomoza, naye akikaze kwa kiganja kitoke polepole. Baadaye akague mchaniko hadi karibu na njia ya haja kubwa, kwenye mwanga wa kutosha. Usione haya kumkumbusha.

Kizazi kilichofanya kazi saa nyingi huchoka kukaza, kwa hiyo damu baada ya kujifungua iangaliwe kwa makini. Sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, yuniti 10, huchomwa mara mtoto anapotoka, usiikatae. Pedi ikilowa yote ndani ya robo saa, au ukihisi giza machoni, mwite mkunga hapo hapo.

Na usishtuke ukimwona mtoto. Kichwa kinaweza kuwa kirefu kuelekea juu, mifupa ya fuvu imepandana, na utosini pana uvimbe laini wa kubonyea. Uvimbe huo hupungua siku moja au mbili, na umbo hurudi lenyewe ndani ya siku chache; asikandwe wala kufungwa kitambaa kichwani ili "kunyooshwa". Uvimbe ukizidi kukua badala ya kupungua, au mtoto amepauka, amelegea, hataki kunyonya, arudishwe siku hiyo hiyo.

Wakunga wa safu hii